Simama Hadi Wimbo Uishe: Mwongozo wa Kufaidi Muziki wa Mtaani Ulaya

Waulize waliorudi kutoka Ulaya wameona nini, watakutajia majengo: Mnara wa Eiffel, Colosseum ya Roma, Big Ben. Waulize wamesikia nini, wengi watasita. Si kwamba hapakuwa na cha kusikia. Mpiga fidla alikuwapo pale kwenye njia ya kuingilia treni ya chini ya ardhi, ila wao walikuwa wanakimbilia jumba la makumbusho kwa tiketi iliyoandikwa saa nne na robo.

Mwongozo huu ni wa msafiri asiyetaka kupitwa. Muziki wa mtaani hauna mlango wala tiketi, lakini una bei, na bei yake ni muda. Mwenye ratiba iliyojaa kuanzia kifungua kinywa hadi chakula cha usiku hawezi kuilipa hata akiwa na fedha kiasi gani. Ndiyo maana ushauri wa kwanza, ambao mengine yote yanauegemea, ni huu: punguza miji, ongeza saa zisizo na kazi.

Kabla ya kupanda ndege

Miji miwili kwa wiki inatosha. Kila siku weka jambo moja kubwa asubuhi, kisha iache alasiri wazi. Wanamuziki wengi wa mtaani hutoka mchana na kubaki hadi jioni, saa zile zile ambazo makundi ya watalii yanapakiwa kwenye basi kupelekwa kivutio cha nne.

Visa nayo itakusaidia kuchagua njia. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, visa moja ya Schengen inamfikisha Paris, Amsterdam, Berlin, Vienna, Lisbon na Kraków, lakini haimwingizi London wala Dublin. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ubalozi utataka bima ya safari yenye kugharimia matibabu ya angalau euro 30,000. Kama mfuko unaruhusu visa moja tu, hiyo ya Schengen ina mitaa ya kukutosha mwezi mzima.

Majira ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sisi tumezoea jua linalozama saa ile ile mwaka mzima. Paris mwezi Juni, jua linazama karibu saa nne usiku, na watu wako nje wameketi kingo za mto kana kwamba kesho hakuna kazi. London mwezi Desemba, giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na vidole vya mpiga gitaa vinakufa ganzi. Kwa muziki wa nje, nenda kati ya Mei na Septemba. Ukilazimika kwenda wakati wa baridi, tafuta muziki chini ya ardhi na makanisani; tutafika huko.

Ukiweza kuchagua tarehe, lenga mojawapo ya hizi. Tarehe 21 Juni ni Fête de la Musique, sikukuu ya muziki iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1982 wakati Jack Lang akiwa Waziri wa Utamaduni. Siku hiyo kila mwenye ala anaruhusiwa kutoka nayo barabarani, na kusikiliza ni bure. Imesambaa hadi Berlin, Brussels na Geneva. Tarehe 27 Aprili Uholanzi husherehekea Siku ya Mfalme. Amsterdam nzima huwa mnada wa vitu vya mitumba, na bustani ya Vondelpark huachiwa watoto, ambao huuza midoli yao na kupiga fidla kwa sarafu. Agosti mtaa wa Royal Mile wa Edinburgh hujaa wasanii wa tamasha la Fringe, lililoanza mwaka 1947, na mji wa Ferrara, Italia, hupokea wanamuziki wa mtaani kutoka nchi nyingi. Jihadhari na jambo moja: vyumba vya wageni siku hizo hupanda bei vibaya sana, kwa hiyo weka nafasi miezi kadhaa mapema.

Tafuta jiwe, utaupata muziki

Miji mingi ya Ulaya inazuia au kubana matumizi ya vipaza sauti barabarani. Mpiga fidla, mwimbaji wa opera au mpiga zumari anabaki na sauti ya ala yake tu, na sauti hiyo lazima ishindane na tramu, baiskeli na watu elfu. Hivyo wanaojua kazi yao hutafuta jengo la kuwasaidia: tao la mawe, kichochoro chenye paa, varanda ndefu yenye nguzo. Jiwe linairudisha sauti na kuinenepesha. Ukijua siri hii, huna haja ya kuuliza muziki uko wapi. Tazama ramani utafute matao.

Amsterdam, jumba la makumbusho la Rijksmuseum limetobolewa katikati na njia ya wapita kwa miguu na waendesha baiskeli. Chini ya dari lake la matao mara nyingi utakuta wapiga ala wakicheza muziki wa klasiki huku baiskeli zikipita pembeni yao. Paris, uwanja wa Place des Vosges, uliofunguliwa mwaka 1612, umezungukwa pande zote na varanda za matao, na waimbaji wa opera wanaupenda kwa sababu hiyo hiyo. London, shuka ngazi ndani ya soko la Covent Garden hadi ua wa chini, ambako waimbaji na wapiga fidla hupokezana mbele ya meza za chai. Santiago de Compostela, Hispania, mahujaji wanaomaliza safari yao ya miguu hupita chini ya tao karibu na kanisa kuu, na hapo husimama mpiga gaita, zumari ya mfuko ya watu wa Galicia.

Unaposikiliza chini ya matao, usianze kwa kumsogelea mpigaji. Rudi nyuma hatua kumi au kumi na tano, usimame pale mwangwi unapokutana na sauti yenyewe. Sikiliza wimbo mmoja hapo. Kisha sogea uangalie vidole. Ni muziki mmoja, lakini utakuwa umeusikia mara mbili.

Baada ya matao, nenda kwenye madaraja yasiyopitisha magari. Daraja la Charles la Prague, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1357, lina wanamuziki wake wa kudumu, wakiwemo wapiga jazi wa nywele nyeupe. Paris lipo daraja dogo la Pont Saint-Louis, nyuma ya Notre-Dame, linalounganisha visiwa viwili vya mto Seine. Mchana wa jua si rahisi kulivuka bila kukuta bendi.

Wa chini ya ardhi wamepita mtihani

Watu wengi wa kwetu huona aibu kusimama mbele ya mtu anayepiga gitaa stesheni. Wanamchukulia kama ombaomba, wanaangalia pembeni na kuharakisha. Ukweli ni mwingine. Kampuni inayoendesha treni za chini ya ardhi za Paris imekuwa na mpango wa wanamuziki tangu 1997: mtu hupimwa mbele ya jopo, na akifaulu anapewa kitambulisho cha kupigia kwenye korido za stesheni. London ilianza kutoa leseni mwaka 2003, na mahali pa kupigia pamechorwa nusu duara sakafuni. Munich, Ujerumani, anayetaka kupiga katikati ya mji huenda kwanza kupimwa ofisini, pale jengo la halmashauri.

Wengine kati yao wamefika mbali. Keziah Jones, mzaliwa wa Nigeria, alipiga gitaa mitaani London na kwenye stesheni za Paris kabla ya kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 1992. Glen Hansard wa Dublin aliacha shule akiwa na miaka 13 akaenda kupiga gitaa barabarani. Mwaka 2007 alionekana kama mwanamuziki wa mtaani katika filamu ya Once, iliyopigwa kwa siku 17 kwa fedha kidogo, na mwaka uliofuata yeye na mwigizaji mwenzake Markéta Irglová wakapewa Tuzo ya Oscar ya wimbo bora. Ukipita Grafton Street, mtaa wa maduka wa Dublin ambako filamu hiyo inaanzia, utakuta vijana wenye magitaa wakisubiri zamu.

Kwa muziki wa stesheni, epuka saa ambazo watu wanaenda au wanatoka kazini. Baada ya saa nne asubuhi au baada ya saa mbili usiku korido hutulia na sauti husafiri. Simama ukutani, usizibe njia. Wenyeji wana haraka na hawatakuomba radhi wakikupiga kikumbo. Wale wanaoingia ndani ya mabehewa ya Paris na spika zao hawana ruhusa hiyo. Hulazimiki kuwapa kitu, na hulazimiki kuwaonea haya.

Muziki ulio juu ya kichwa

Kuna muziki wa mtaani ambao mpigaji wake humwoni. Uholanzi na Ubelgiji, minara mirefu ina seti za kengele kadhaa zinazopigwa kwa ngumi na miguu kwenye kinanda cha mbao. Mji wa Mechelen, Ubelgiji, una chuo cha kufundisha ala hiyo tangu 1922. Amsterdam, kengele za kanisa la Westerkerk hulia kila robo saa. Ndizo alizozitaja Anne Frank, msichana Myahudi aliyewakimbia Wanazi, katika shajara yake, kwa kuwa nyumba aliyojificha na familia yake iko hatua chache kutoka hapo. Kengele husikika vizuri zaidi ukiwa mbali kidogo na mnara, kwenye mtaa tulivu wa pembeni, si chini yake.

Kraków, Poland, usikose saa kamili ukiwa uwanja mkuu. Mpiga tarumbeta hufungua dirisha la mnara mrefu wa kanisa la Mtakatifu Maria na kupiga wimbo mfupi kuelekea pande nne, moja baada ya nyingine, usiku na mchana. Ni mtu wa kikosi cha zimamoto. Wimbo hukatika ghafla katikati. Hadithi ya wenyeji inasema mlinzi wa kale alichomwa mshale kooni akiwa anatahadharisha mji juu ya wavamizi wa Kitatari. Redio ya taifa huurusha hewani kila siku saa sita mchana tangu 1927. Akimaliza, mpigaji hupunga mkono dirishani. Mpungie na wewe.

Kutunza kwa adabu ya huko

Aliyekaa kwenye taarabu hahitaji kufundishwa kutunza. Anajua kuinuka na noti, akacheza hadi mbele, akaiweka mkononi mwa mwimbaji au kwenye paji lake la uso. Ulaya moyo ni ule ule, ila mkono unakwenda kwingine: fedha inawekwa kwenye kofia au kasha la gitaa lililo wazi chini, na mwanamuziki haguswi. Utaratibu wenyewe ni huu:

- Weka sarafu kwenye mfuko wake peke yake, mbali na pochi. Sarafu kubwa za euro ni ya 1 na ya 2. Noti ndogo kabisa ni ya 5. Kutoa pochi nzima katikati ya umati ni kuwaonyesha vibaka ilipo.
- Umesimama kwa wimbo mmoja? Euro 1 au 2 ni heshima tosha. Umekaa nusu saa, au ni onyesho la duara la sarakasi na vichekesho, noti ya 5 haitakuumiza. Kwa onyesho la duara, toa mwishoni; usiondoke kimyakimya kofia inapoanza kuzunguka.
- Inama uweke. Usirushe sarafu kutoka mbali.
- Usijichukulie chenji kwenye kasha. Ukitaka kuvunja noti, muulize mwenyewe baada ya wimbo.
- Ukirekodi, lipa. Picha moja ya haraka watu wataivumilia, lakini kusimama mbele na simu dakika tano bila kutoa kitu ni utovu wa adabu. Kama wapigaji ni watoto, omba ruhusa kwanza.
- Kumbuka si kila nchi inatumia euro. Uingereza ni pauni, Uswisi faranga, Poland złoty, Jamhuri ya Cheki koruna.

Siku hizi wengi wana kifaa cha kugusishia kadi. London ilianza kusambaza vifaa hivyo kwa wanamuziki wa mtaani mwaka 2018. Sweden, ambako fedha taslimu imekaribia kutoweka, utaona namba ya Swish imeandikwa kwenye kibao. Huduma hiyo inahitaji akaunti ya benki ya Sweden, kwa hiyo muulize mpigaji kama anapokea kadi.

Jambo jingine ni wakazi. Anayeishi ghorofa ya pili juu ya uwanja husikia nyimbo zile zile tano kila siku. London, mwezi Machi 2025, mahakama ilikubali malalamiko ya ofisi iliyo jirani na Leicester Square kuhusu kelele za wanamuziki, na mwezi uliofuata halmashauri ikasimamisha maonyesho uwanjani hapo. Ujerumani kuanzia saa nne usiku ni muda wa kimya kisheria. Ukimwona askari akimwambia mwanamuziki afunge ala zake, usipige kelele za kumtetea. Mpe sarafu zake, umuulize kesho atakuwa wapi.

Umati una wenyewe

Kibaka hapendi mtu anayetembea. Anapenda mtu aliyesimama, amefurahi, na macho yako mbele. Yaani wewe. Begi liwe kifuani, zipu ifungwe, na simu isikae mfuko wa nyuma. Ukiwa wawili, mmoja atazame muziki na mwingine atazame mifuko, kisha mbadilishane.

Kuna na wanaojifanya sehemu ya burudani. Mchezo wa karata tatu unaoujua kutoka stendi za kwetu upo pia kwenye daraja la Westminster, London, ila huchezwa kwa vikombe na kidude chini yake. Wanaoshinda ni wenzao. Paris, kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, vijana watataka kukufunga uzi mkononi kisha wakudai fedha. Weka mikono mfukoni na endelea kupanda. Vienna, wanaume waliovaa wigi jeupe na koti refu kama Mozart si wanamuziki, ni wauza tiketi za matamasha ya watalii.

Venice ina mtego wa halali. Uwanja wa San Marco una mikahawa yenye bendi zake nje, ukiwemo Florian, uliofunguliwa mwaka 1720. Ukikaa mezani wakati bendi inapiga, bili yako itaongezwa ada ya muziki juu ya bei ya kahawa, ambayo tayari ni kali. Ukisimama uwanjani mita chache kutoka mezani, unasikia bendi ile ile bila kulipa.

Kati ya wimbo na wimbo

Muziki hauji kwa miadi, na muda wa kuusubiri ndio utakaokuonyesha namna watu wanavyoishi. Usiujaze kwa simu.

Anza na kahawa. Italia, kunywa ukiwa umesimama kaunta, kama wafanyavyo wenyeji wanaoelekea kazini. Kukaa mezani kunaweza kuongeza bei maradufu. Katika baadhi ya mikahawa unalipa kwanza kwa keshia, kisha unapeleka risiti kaunta. Vienna ni kinyume: unaagiza kahawa moja, inakuja na glasi ya maji, na unaruhusiwa kukaa nayo saa nzima ukifunua magazeti bila mhudumu kukununia. Ufaransa, ukiingia dukani, sema "bonjour" kabla ya neno lolote. Anayeuliza bei bila kusalimu hujibiwa kwa ubaridi, na kosa ni lake.

Maji usinunue hovyo. Roma ina mabomba ya chuma zaidi ya 2,000 barabarani yanayotiririsha maji safi ya kunywa mchana kutwa; ziba mdomo wa bomba kwa kidole, na maji yataruka kupitia kitundu cha juu moja kwa moja hadi kinywani. Paris ina mabomba ya kijani yaitwayo ya Wallace, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1872. Berlin, chupa ya bia ina amana ya senti 8, na chupa ya plastiki au kopo senti 25. Ukimaliza kinywaji bustanini, usiitupe ndani ya pipa. Iache kando yake, kwani kuna watu wanaoishi kwa kuziokota na kuzirudisha dukani.

Jioni, miji ya Italia hutoka nje. Bibi na mjukuu wake, wapenzi, wazee wenye mikono nyuma, wote hutembea barabara kuu kwenda na kurudi bila kwenda popote. Ingia kati yao, na utembee kwa mwendo wao.

Siku ya mvua, ingia ndani bila kulipa sana. Westminster Abbey hutoza watalii kiingilio, lakini ibada ya jioni, ambayo siku nyingi za wiki huimbwa na kwaya saa kumi na moja, ni bure kwa yeyote. Fika mapema na kaa hadi mwisho, kwa kuwa ni sala na si onyesho. Vienna, katika majira ya kuchipua na mwezi Septemba, jumba la opera la taifa hurusha maonyesho yake kwenye skrini kubwa iliyo nje, na viti ni vya bure. Concertgebouw ya Amsterdam ina matamasha ya bure ya mchana katika msimu wake. Hakiki siku na utaratibu wa tiketi kabla ya kwenda.

Ukitaka kusikia ya nyumbani

Brussels, shuka stesheni ya Porte de Namur uingie mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Saluni, maduka ya vitenge na sauti za rumba ziko mlango kwa mlango. Kilingala ndicho kinachotawala, lakini kwa Wakongo waliotoka Bukavu, Goma na Lubumbashi, Kiswahili hakiko mbali. Salimia tu, utaona nani anageuka.

Lisbon, uwanja mdogo wa Largo de São Domingos ni baraza la watu wa Guinea-Bissau na nchi nyingine za Afrika. Hukutana hapo kupiga soga na kuuza karanga. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kupanda Alfama, mtaa wa fado, muziki ulioingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2011. Usiridhike na migahawa yenye tiketi na chakula cha bei kubwa pekee. Ulizia vijimkahawa vya "fado vadio", ambako anayeimba ni muuza samaki au dereva teksi. Taa zinapunguzwa, wahudumu wanasimama, na hakuna anayeongea. Hata kijiko kikigonga sahani, watu watakugeukia.

Mfano wa siku moja: Jumapili ya Juni, Paris

Asubuhi nenda soko la Rue Mouffetard. Nunua matunda na mkate, kunywa kahawa kaunta. Karibu saa tano, shuka hadi chini ya mtaa, mbele ya kanisa la Saint-Médard, ambako Jumapili watu hukusanyika kuimba na kucheza nyimbo za zamani za Kifaransa kwa kodiani. Wengi ni wazee, na hawakatai mgeni.

Mchana tembea hadi Île Saint-Louis, kisha keti karibu na daraja la Pont Saint-Louis uone nani anapiga. Alasiri vuka mto kwenda Place des Vosges, sikiliza chini ya matao, halafu lala kwenye nyasi. Jua likianza kulegea, rudi ng'ambo hadi Quai Saint-Bernard. Jioni za majira ya joto watu hucheza tango na salsa hapo kando ya maji, na anayetaka huingia. Umetembea siku nzima kwa miguu, na fedha zako zimekwenda kwenye chakula, kahawa na kofia za wanamuziki.

Mwisho, jiandae kuombwa

Si kila muziki wa mtaani ni wa kusikiliza tu. Stesheni nyingi zina piano iliyo wazi kwa yeyote. Moja ya stesheni ya St Pancras, London, ilitolewa na Elton John mwaka 2016. Berlin, katika bustani ya Mauerpark, karaoke ya Jumapili iliyoanzishwa mwaka 2009 imewapandisha mamia ya watu wa kawaida mbele ya umati uliojaa kwenye ngazi za mawe. Ulizia kwanza kama ipo wiki hiyo. Na hata pasipo jukwaa, ukisimama kwa mwanamuziki nyimbo tatu, mara nyingi atakuuliza unatoka wapi. Ukimjibu, swali la pili litakuwa: mnaimba nini huko?

Kwa hiyo, pamoja na bima na sarafu, safiri na wimbo mmoja unaoujua hadi ubeti wa mwisho, ukijua na sauti gani ya kuanzia. Wengi wetu tunajua kiitikio tu, na kiitikio hakimalizi hata dakika. Jizoeze bafuni kabla ya safari.